Neno "Ndugu" Lilitoka Wapi, na Linatudai Nini?

Ndugu msomaji,

Kila toleo tunakuita hivyo, na leo tumeona tueleze maana yake. Somo hili limetokana na swali linaloulizwa sana katika vikundi vya kisomo cha kujiendeleza. Mtu amejua kusoma, amejua kuandika, ana shida ya kweli ya kupeleka ofisini, na kalamu iko mkononi. Anakwama kwenye mstari wa kwanza. Amwite afisa yule nani? Aandike Ndugu, au Bwana, au Mheshimiwa? Akiandika Ndugu, je, mkubwa hataona amedharauliwa? Basi anaiweka kalamu chini, anasema atakwenda mwenyewe kesho. Kesho haendi.

Barua nyingi hufia hapo, na shida iliyokuwa iandikwe inabaki palepale kijijini. Kwa hiyo tutalichambua neno hili Ndugu toka shina lake, tuone limepita wapi, na mwisho tuandike barua moja pamoja.

NENO LENYEWE

Ndugu ni neno la Kibantu. Halikuja na majahazi kutoka Arabuni kama maneno rafiki na jamaa, wala halikuletwa na Wazungu. Ukienda kwa Wasukuma utawasikia wakisema badugu, maana yake watu wa ukoo. Neno ni la kwetu, tena la nyumbani kabisa.

Maana yake ya kwanza ni mtu mliyezaliwa naye. Kuna ndugu wa tumbo moja, kuna ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Halafu neno linapanuka. Mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yako, mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako. Aliyenyonya ziwa moja nawe, hata kama mama yake ni mwingine, ni ndugu wa kunyonya. Tena zamani, katika sehemu nyingi za nchi yetu, watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliweza kuchanjana chale, wakaonjana damu, wakawa ndugu.

Udugu huo wa chale haukuwa mchezo. Kumbuka kwamba katika karne ya 19 nchi hii ya Ugogo ilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Maji ni machache huku, kila mmoja wetu anajua. Watemi wa Kigogo waliwatoza wenye misafara hongo kwa kupita na kwa kuteka maji. Mgeni asiye na mtu alilipa. Mwenye ndugu alikuwa na mahali pa kulala na mtu wa kumsemea. Ndugu yake naye akisafiri, deni lilikuwa upande wa pili. Hapo tunaona jambo la kwanza la kushika: udugu ni deni la pande mbili. Mimi nikiwa ndugu yako, wewe huwezi kukwepa kuwa ndugu yangu.

Jambo la pili ni kwamba neno hili halichagui mwanamume wala mwanamke. Ukisema Bwana umesema mwanamume, ukisema Bibi umesema mwanamke. Ukisema Ndugu umemsema mtu. Mwenyekiti wa kijiji akiwa mama, ni Ndugu Mwenyekiti. Akiwa baba, ni Ndugu Mwenyekiti. (Na mwenyekiti lenyewe ni neno la namna hiyohiyo: ni mwenye kiti tu, halisemi aliyekalia kiti amevaa suruali au kanga.)

Sasa sarufi kidogo, maana hapa wengi hukosea. Tunasema "ndugu yangu amefika", hatusemi "ndugu wangu". Wakiwa wengi tunasema "ndugu zangu wamefika". Kitendo kinafuata mtu, yaani a- na wa-, lakini neno la kumiliki linafuata ya na za, sawasawa na baba yangu, mama yangu, rafiki yangu. Wazee hufupisha: nduguyo, nduguye, nduguzo. Likiwa mbele ya jina la mtu au cheo chake, tunaliandika kwa herufi kubwa, Ndugu, au kwa ufupisho Ndg. Likiwa la ukoo tu, herufi ndogo inatosha.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu walilipamba neno hili kupita kiasi. Methali yasema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Yaani walijua fika kwamba ndugu hugombana, na hugombana sana. Walichosema ni kwamba ugomvi wao haumalizi udugu, na wewe jirani usiingie katikati ukadhani umepata nafasi.

WAKATI WA BWANA NA BOI

Kabla ya Ndugu kuingia ofisini, neno la ofisini lilikuwa Bwana. Bwana maana yake mwenye kitu: mwenye nyumba, mwenye mali, na wakati wa biashara ya utumwa, mwenye mtu. Mke naye humwita mumewe bwana. Wakoloni walilikuta neno hilo, wakalivaa kama kofia. Mkuu wa wilaya wa Kizungu aliitwa Bwana Shauri, na mwenye cheo zaidi Bwana Mkubwa. Upande wa pili Mwafrika aliyemfanyia kazi nyumbani, hata akiwa na mvi na wajukuu, aliitwa boi, yaani mvulana. Tazama maneno hayo mawili. Moja lilipanda, jingine lilishuka, na hapakuwa na siku ambayo yangebadilishana nafasi.

Lakini tusiwe watu wa kulaani neno zima kwa sababu ya waliolitumia vibaya. Mpaka leo tunamwita mtaalamu wa kilimo Bwana Shamba, na kuna Bwana Afya na Bwana Mifugo, na hakuna anayeona utumwa humo. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, viongozi wake nao waliitwa kwa heshima ya kawaida ya siku hizo: Bwana Julius Nyerere, Bibi Titi Mohamed. Mwafrika kuitwa Bwana wakati ule kulikuwa na uzito wake. Ilikuwa kusema kwamba boi amekwisha.

Huku kwetu palikuwa na heshima nyingine ya zamani zaidi, ya Mtemi. Wengi huelezea neno hilo kwa kitendo cha kutema, yaani kukata: aliyetangulia kukata msitu watu wakapata kukaa. Mtemi Mazengo wa Mvumi jina lake linajulikana mpaka leo, na shule kubwa ya sekondari pale Dodoma mjini ilipewa jina lake. Madaraka ya kiserikali ya machifu na watemi yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Basi vyeo vya ukoo vikaondoka ofisini, na Bwana likawa limebaki na harufu yake ya ukoloni. Palihitajika neno.

NDUGU LINAINGIA OFISINI

Neno lilikuwa tayari limo ndani ya TANU. Ahadi ya kwanza ya mwanachama ilitamka kwamba binadamu wote ni ndugu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake juu ya Ujamaa, akaeleza kwamba siasa tunayoijenga mfano wake ni jamaa, watu wa nyumba moja wanaofanya kazi na kugawana. Hesabu ni rahisi: kama taifa ni jamaa moja, basi raia wake wataitanaje? Wataitana ndugu.

Tukumbuke pia kwamba msikitini na kanisani neno hili lilikuwa linatumika kitambo. Ndugu katika imani, ndugu zangu wapendwa. Kwa hiyo TANU ilipolitumia mkutanoni, mkulima hakuhitaji kufundishwa. Alilijua la nyumbani, alilijua la ibada, sasa akalisikia la siasa.

Lilishika kasi hasa baada ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha, kuwa na hisa katika makampuni. Mtu asiyeruhusiwa kuwa bwana mwenye nyumba asingeweza kuendelea kuitwa Bwana bila watu kucheka. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, na ibara yake ya 15 ikasema wazi kwamba pawe na jitihada ya makusudi ya kujenga usawa kati ya viongozi na wanaoongozwa, na kwamba kiongozi wa Kitanzania ni mwiko kuwa na majivuno, kudharau watu na kuwaonea. Ibara hiyo ilisomwa viwandani na mashambani, na makabwela walianza kuwauliza wakubwa maswali ambayo hayakuwahi kuulizwa.

Ikawa basi: Ndugu Waziri, Ndugu Mkuu wa Mkoa, Ndugu Katibu Kata, Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi. Magazeti na redio zilimtaja Waziri Mkuu kuwa Ndugu Edward Sokoine, na balozi wa nyumba kumi wa kijiji cha mwisho kabisa naye alikuwa Ndugu. Bungeni mbunge alisimama akaanza, "Ndugu Spika." Mwalimu mwenyewe aliitwa Mwalimu, na hilo halikuharibu kitu, maana ualimu ni kazi aliyoifanya kweli, pale Pugu, mpaka alipoiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa.

Sisi si taifa pekee lililofanya hivi. Wafaransa katika mapinduzi yao, mwaka 1792, waliacha kuitana kwa neno la mabwana wakaitana raia. Warusi walikuwa na neno lao, Wachina lao. Majirani zetu wa Msumbiji, waliokuwa na makao makuu ya FRELIMO Dar es Salaam wakati wa vita vya ukombozi, waliitana camarada, neno lililotoka kwa Wahispania, na shina lake ni chumba: watu wanaolala chumba kimoja, kama askari. Sisi nasi tumelipata, tunalitamka komredi. Lakini angalia tofauti. Raia ni mtu wa sheria. Komredi ni mtu wa vita. Ndugu ni mtu ambaye njaa ikiingia kwako, anapaswa kuulizwa kwa nini hakuja.

CHAMWINO

Kwa watu wa Dodoma neno hili lina mahali pake, nako ni Chamwino, upande wa mashariki ya mji katika barabara ya kwenda Morogoro. Katika Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971, wananchi walioishi kwenye matembe yaliyotawanyika walitakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwalimu alikuja Chamwino, akavua viatu vya ofisini, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Rais na mkulima wako kwenye udongo mmoja. Hapo kuitana ndugu hakukuhitaji maelezo.

Lakini tuseme yote. Kuhama kwenyewe hakukuwa kwa hiari kwa kila mtu. Wapo walioacha makaburi ya wazazi wao, mazizi yao na mashamba waliyoyajua, wakapelekwa mahali pasipo na maji ya kutosha. Na aliyekuja kuwaamuru wahame alianza maneno yake kwa "Ndugu wananchi." Wazee wanaokumbuka miaka ile hawalisikii neno hilo kwa sikio moja. Kwa mmoja lina matofali ya Chamwino, kwa mwingine lina lori. Sisi tunaona wote wawili wanasema kweli. Neno zuri laweza kubebwa na mtu mwenye amri ngumu, na uzuri wa neno haupunguzi ugumu wa amri.

MHESHIMIWA ANARUDI

Sasa twende haraka kidogo. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985. Mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi ya Arusha, kiongozi akaruhusiwa tena yale aliyokatazwa. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Ndugu likaondoka Bungeni, likaingia Mheshimiwa. Ndiyo maana leo ukifungua redio wakati wa Bunge hapa Dodoma, husikii "Ndugu Spika", unasikia "Mheshimiwa Spika." Kutoka Bungeni neno likateremka: mkuu wa wilaya ni mheshimiwa, diwani ni mheshimiwa. Ndani ya Chama Cha Mapinduzi, Ndugu limebaki mpaka leo kwa viongozi wa chama.

Tulitazame Mheshimiwa nalo, maana ni somo zuri la sarufi. Shina ni heshima, neno la Kiarabu. Heshima inazaa kuheshimu. Kuheshimu inazaa kuheshimiwa, yaani kutendewa heshima na mtu mwingine. Tukiweka m- mbele tunapata mheshimiwa: mtu anayeheshimiwa. Neno mshtakiwa limetengenezwa kwa njia hiyohiyo, ni mtu anayeshtakiwa. Na mpendwa vilevile. Katika maneno haya yote mwenye jina hafanyi kitu, anafanyiwa. Mheshimiwa halituambii yeye anatenda nini. Linatuambia sisi tunamtendea nini.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ndugu hurudi. Ukimwita mkuu wa wilaya "Ndugu", anakujibu "Ndugu", na mizani imekaa sawa. Mheshimiwa halirudi. Unamwita "Mheshimiwa", naye anakuita "wewe mama" au "mzee wangu" au "wananchi mlioko hapa." Limekwenda, limebaki kule kule.

Haki itendeke: waliorudisha Mheshimiwa walikuwa na hoja. Ndugu lilikuwa limeshikamana mno na chama kimoja, na mbunge wa chama kingine angewezaje kuitwa kwa salamu ya chama asichokitaka? Tena ndani ya Bunge kila mbunge humwita mwenzake mheshimiwa, kwa hiyo mle ndani linarudi. Hata watu wanaopingana vikali hulazimika kutajana kwa adabu. Hiyo ni faida. Shida yetu ni pale neno linapotoka nje ya mlango wa Bunge, likaja kukaa kati ya kiongozi na mtu aliyemchagua.

Na Ndugu lenyewe limechakaa, hatukatai. Siku hizi simu ikilia usiku unaambiwa, "Ndugu mteja, salio lako halitoshi." Ndugu gani huyo anayekuamsha kukudai! Tena mitaani kuna neno undugunaizesheni, watu wamelitunga kwa kejeli, maana yake kugawa kazi na nafasi kwa jamaa zako. Utani huo una uchungu ndani yake. Ndugu la Azimio lilisema wote ni ndugu, kwa hiyo hakuna wa kupendelewa. Ndugu la undugunaizesheni linasema ndugu ni wa tumbo langu, wengine subirini nje. Neno ni lilelile, na shina ni lilelile la ukoo. Ndiyo hatari ya kuazima neno la nyumbani kulipeleka ofisini: linaweza kurudi na nyumba nzima.

NA SHIKAMOO JE?

Msomaji atauliza: mbona shikamoo nayo haiko sawa, mmoja anasema shikamoo na mwingine anajibu marahaba, na hamsemi kitu? Shikamoo huelezwa kuwa inatokana na kusema "nashika miguu yako." Ni kweli haiko sawa. Lakini inafuata umri, na umri haubagui. Leo unasema shikamoo, miaka ikienda unaitikia marahaba. Kila aliyejaliwa uhai anapata zamu yake. Cheo hakina zamu ya namna hiyo.

Kwa hiyo Ndugu halijaja kuua shikamoo. Kijana anayemfikia mzee wa makamo ya babu yake akasema tu "Ndugu, habari" amekosa adabu, hata kama mzee ni katibu wa kitu gani sijui. Kwanza atoe shikamoo, tena wakiwa wengi aseme shikamooni. Kwa Kigogo ni hivyohivyo: mbukwa kwa mmoja, mbukwenyi kwa wengi. Baada ya salamu ya umri, ndipo yaje maneno ya kazi. Na afisa kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, akikutana na mzee anayemletea barua, ni yeye wa kuanza shikamoo. Cheo chake hakimwondolei.

MKUTANONI

Tuchukue mfano. Kijiji kimechangia fedha za kutengeneza pampu ya kisima. Wengine wameuza kuku, wengine debe la alizeti, wengine ubuyu. Miezi imepita, pampu haijatengenezwa, akina mama wanachota korongoni. Mkutano mkuu wa kijiji umeitwa. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa, mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ndio wenye kauli kuu katika mambo ya kijiji. Hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo.

Mama mmoja anasimama. Akianza hivi: "Mheshimiwa sana, samahani Mheshimiwa, mimi sina la kusema ila nilikuwa naomba kama utapenda..." Jamani, swali limekwisha kabla halijaulizwa. Ameomba msamaha kwa fedha yake mwenyewe. Sasa aanze hivi: "Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Tulichangia fedha za pampu. Naomba tusomewe zilizopokelewa, zilizotumika, na zilizobaki." Hakuna tusi hapo. Hakuna kelele. Amemwita kwa neno ambalo ndani yake mna udugu, na ndugu huulizana habari za ghala.

Mwenyekiti mwenye akili atafurahi, maana aliyeulizwa kwa adabu anapata nafasi ya kujibu kwa adabu. Anayechukia kuitwa Ndugu pale pale kwenye hesabu, wanakijiji na wajiulize anachukia neno au anachukia hesabu.

Hatusemi kwamba ukiandika Mheshimiwa utakuwa mtumwa. Kwa mbunge na diwani ndiyo desturi ya sasa, iandike, haina gharama. Afisa Mtendaji wa Kijiji ni mtumishi aliyeajiriwa. Ndugu linamtosha kabisa, na Bwana au Bibi si kosa. Ila usirundike vyeo vitatu kwa mtu mmoja. Tumeona barua inaanza "Mheshimiwa Bwana Mkubwa Ndugu Afisa." Mwandishi alifikiri heshima hupimwa kwa debe.

BARUA

Hii hapa barua ya mfano. Isome kwa sauti katika kikundi.

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji,
(jina la kijiji, na tarehe)

Ndugu,

YAH: TAARIFA YA FEDHA ZA PAMPU YA KISIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa kitongoji hiki tulichanga fedha za kutengeneza pampu, na stakabadhi tunazo. Mpaka leo pampu haifanyi kazi. Tunaomba taarifa ya mapato na matumizi ya fedha hizo isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji ujao. Tunaomba pia tujulishwe tarehe ya mkutano huo kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(jina na sahihi)

Neno YAH ni ufupisho wa yahusu. Mwisho wa barua, zamani za mkoloni watu waliandika "Wako mtiifu", na wengine bado wanaandika. Wakati wa Ujamaa barua nyingi zilimalizwa "Wako katika ujenzi wa Taifa", na sisi tunalipenda hilo, kwa sababu linamtaja anayeandika kuwa ni mfanyakazi mwenza wa anayesoma. Andika nakala mbili. Moja ipeleke, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Muhuri huo una nguvu kuliko vyeo vyote utakavyoviandika juu.

ZOEZI

Kila msomaji aandike barua moja fupi kwa ofisi halisi, juu ya jambo halisi la kijijini kwake, na achague mwenyewe neno la kumwita anayeandikiwa. Halafu kikundi kijadili kwa nini amechagua neno hilo.

Swali la pili ni la lugha zetu. Mkoani kwetu kuna Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kiburunge, na upande wa Mpwapwa na Kongwa kuna Kikaguru. Waulizeni wazee: katika lugha yenu ndugu wa tumbo moja anaitwaje, na mgeni aliyefanywa kuwa ndugu anaitwaje? Je, ni neno moja au mawili? Wanaosema Kisandawe watazame sana, maana lugha yao si ya Kibantu na huenda ikatupa jibu tofauti kabisa. Andikeni maneno hayo pamoja na maana yake, mmkabidhi mwalimu wa kituo kabla ya toleo lijalo.